Mwongozo Kamili wa Kupanga Ziara ya Makumbusho ya Boma la Iringa na Maeneo ya Historia Yanayolizunguka

Mgeni anayeingia katika Makumbusho ya Boma, Iringa mjini, bila maandalizi yoyote, anaweza kupita vyumba vyote kwa muda mfupi na kutoka akiwa ameona mikuki, vyungu, vikapu na picha za zamani, lakini asiweze kueleza vitu hivyo vinahusiana vipi na milima na mabonde aliyokuwa akiyatazama dirishani mwa basi tangu alipopanda mlima wa Kitonga. Hasara hiyo inaepukika. Boma lina thamani kubwa zaidi likichukuliwa kuwa mahali pa kuanzia, kwa sababu habari zinazoelezwa ndani yake zilitokea Kalenga, Lugalo, Mlambalasi na Isimila, na kila moja ya sehemu hizo inafikika kutoka mjini kwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Ninapendekeza siku tatu. Mwenye siku mbili atapata mengi, na mwenye siku moja tu achague Boma asubuhi na Kalenga mchana, ayaache mengine kwa safari nyingine kuliko kuyapitia yote mbiombio.

Fahamu unakwenda kuona nini

Jengo la Boma lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900 kama hospitali ya kijeshi, baadaye likatumika kama ofisi za serikali, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa, uliopata msaada wa Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo jengo lenyewe ni sehemu ya maonyesho. Mji uliolizunguka ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1896, juu ya kilima kinachotazama bonde la Mto Ruaha Mdogo, baada ya kuiteka ngome ya Wahehe iliyokuwa Kalenga.

Jambo la pili la kufahamu ni mipaka. Mkoa wa Njombe ulitengwa na Mkoa wa Iringa mwaka 2012, na kabla ya hapo Njombe, Makete na Ludewa zote zilikuwa ndani ya Iringa. Anayetarajia kukuta habari za Wahehe peke yao atashangaa kuwakuta pia Wabena, Wakinga na jirani zao wengine wa Nyanda za Juu Kusini. Usiwachanganye kuwa kitu kimoja. Jamii hizi zilipigana, zikaoana, zikafanya biashara na zikaazimana mila, na makumbusho ya mkoa yanafaa kutazamwa kwa jicho linalotafuta mahusiano hayo badala ya kutafuta kabila moja la kulisifu.

Soma historia kabla ya kufunga safari

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote, kwa kuwa maelezo ya ukutani huwa mafupi na mwongoza wageni hana muda wa kuanzia mwanzo kwa kila kundi. Yatosha kuushika mfululizo ufuatao.

Katikati ya karne ya 19 Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga, aliziunganisha tawala ndogondogo za Uhehe chini ya mamlaka moja. Baada ya kifo chake na mapambano ya urithi, mwanawe Mkwawa alishika utawala, akaupanua, na akaifanya Kalenga kuwa makao yake makuu yaliyozungukwa na ukuta. Wajerumani walipoanza kuingia bara, kikosi chao kilichoongozwa na Emil von Zelewski kilishambuliwa ghafla na majeshi ya Mkwawa huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Zelewski mwenyewe aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake, na Wahehe wakateka bunduki takriban 300 na mizinga. Wajerumani walihitaji miaka mitatu kujipanga upya, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaivunja ngome ya Kalenga kwa mizinga.

Mkwawa hakukamatwa. Aliendesha vita vya msituni kwa karibu miaka minne, akisaidiwa na watu wake kwa chakula na habari, ingawa Wajerumani waliahidi zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta. Nduguye Mpangile, ambaye Wajerumani walimweka kuwa mtawala, walimnyonga wenyewe mwaka 1897 kwa kumshuku kwamba anamsaidia Mkwawa. Hatimaye, tarehe 19 Julai 1898, Mkwawa alipokuwa amezingirwa Mlambalasi, alijipiga risasi ili asitiwe mikononi mwa maadui. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani.

Sehemu inayofuata ni ya ajabu katika historia ya mikataba ya dunia. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliohitimisha Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Muda huo ulipita bila fuvu kurudi. Baada ya vita ya pili, Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, alifika katika makumbusho ya Bremen, ambako kulikuwa na mkusanyiko wa mafuvu yapatayo 2,000, na akachagua fuvu moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, na kwa kuwa lilikuwa na tundu lililofanana na la risasi. Fuvu hilo lilikabidhiwa Wahehe mwaka 1954, likapokelewa na Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Mwenye kuujua mfululizo huu anapoingia Boma, kila chombo cha vita na kila picha hupata mahali pake.

Chagua msimu, kisha usafiri

Iringa mjini pako kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Miezi ya Juni na Julai huwa na baridi kali asubuhi na usiku, na mgeni kutoka Dar es Salaam au Tanga asiyebeba sweta atajuta. Mvua hunyesha kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Kwa ziara inayohusisha maeneo ya nje ya mji, ninapendekeza kipindi cha kuanzia Juni hadi Oktoba, kwa sababu njia za vijijini hupitika na korongo la Isimila halina utelezi. Ambaye nia yake ni utamaduni wa chakula na vinywaji atapata faida nyingine akija wakati wa mvua, kwani huo ndio msimu wa kugema ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi, na atauona mwanzi uliokatwa ncha ukiwa umetundikiwa mbeta, yaani chombo cha kukingia utomvu huo, shambani badala ya kuuona kwenye maelezo tu.

Kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 500 kwa barabara kuu ya Zambia, kupitia Morogoro, Hifadhi ya Mikumi na mlima wa Kitonga. Basi la asubuhi na mapema hufika mchana au jioni, kwa hiyo siku ya safari isihesabiwe kuwa siku ya ziara. Kutoka Dodoma ni takriban kilomita 260 kwa barabara ya lami inayopita Mtera. Barabara kuu yenyewe inapita bondeni, upande wa Ipogolo, na mji uko juu ya kilima, hivyo anayeshuka kwenye basi linaloendelea Mbeya atalazimika kupanda daladala, bajaji au teksi kuingia mjini. Tafuta malazi katikati ya mji, karibu na Soko Kuu, ili Boma lifikike kwa miguu.

Piga simu kabla ya kwenda

Saa za kufungua, siku za mapumziko na viingilio hubadilika, na tangazo la zamani la mtandaoni lisitegemewe. Uliza mambo matano kwa simu moja: mnafungua na kufunga saa ngapi siku ninayokuja, kiingilio ni kiasi gani kwa raia, kwa mkazi asiye raia, kwa mtoto na kwa mwanafunzi, malipo yanapokewa kwa fedha taslimu, kwa simu au kwa namba ya malipo ya serikali, kuna mwongoza wageni anayezungumza Kiswahili siku hiyo, na picha zinaruhusiwa wapi, kwa masharti gani. Swali la picha lina uzito wake, kwa sababu kupiga picha ya kumbukumbu na kupiga picha za video kwa ajili ya kurusha au kuuza ni mambo mawili tofauti, na la pili kwa kawaida huhitaji kibali cha maandishi.

Raia wa Tanzania abebe kitambulisho, kwani kiingilio cha raia huwa nafuu sana kuliko cha mgeni. Kwa Kalenga, Mlambalasi na Isimila, uliza pia kama mtunzaji atakuwepo, hasa siku za sikukuu. Watumishi wa Boma ndio watu wazuri wa kuwauliza hayo, na wanaweza kukuunganisha na dereva anayezijua njia.

Ndani ya Boma

Fika mapema asubuhi, kabla ya makundi ya shule. Tenga saa mbili au zaidi, na uzigawe. Mzunguko wa kwanza fanya pamoja na mwongozaji, ukisikiliza bila kuandika sana. Mzunguko wa pili fanya peke yako na daftari, ukichagua vitu vichache, vitano au sita, na kwa kila kimoja ujiulize kilitengenezwa na nani, kwa malighafi gani, kilitumika lini, na kimefikaje hapa. Swali la mwisho ndilo linalofungua historia kuliko mengine yote. Kuna vitu vilivyotolewa na familia kwa hiari, vilivyonunuliwa na vilivyochukuliwa kwa nguvu, na mwongozaji mzuri atafurahi kuulizwa habari hiyo.

Usipite haraka kwenye vitu vya nyumbani ukikimbilia silaha. Vikapu vya milulu, aina ya majani ya kusukia, ambavyo wanawake wa Iringa wanaendelea kuvisuka hadi leo, vinaeleza mengi kuhusu kilimo, uhifadhi wa nafaka na mgawanyo wa kazi, na kazi yake ni nyembamba na imara kiasi kwamba inastahili kutazamwa kwa karibu. Vivyo hivyo vyungu, majembe na vyombo vya pombe. Silaha zinaeleza siku chache za mwaka. Vyombo hivi vinaeleza siku zilizobaki.

Uliza pia kuhusu karne ya 20, ambayo wageni wengi huisahau kwa kuvutwa na habari za Mkwawa. Majeshi ya Uingereza yaliingia Iringa mwaka 1916, na makaburi ya askari wa vita ile yapo mjini hadi leo. Wakati wa vita ya pili, wakimbizi wa Kipoland waliwekwa katika kambi ya Ifunda, kusini-magharibi mwa mji. Tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Kleruu, aliuawa Isimani katika mvutano uliohusu mashamba na vijiji vya ujamaa. Haya ni mambo ambayo wazee wa Iringa wanayakumbuka kwa macho yao au kwa masimulizi ya wazazi wao, na swali moja la adabu linaweza kukupa zaidi ya ubao mzima wa maelezo.

Kalenga: nenda kama mtu anayekwenda msibani

Kijiji cha Kalenga kiko takriban kilomita 15 kutoka mjini, kwenye barabara inayoelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na daladala zinakwenda huko. Makumbusho ya Mkwawa ni madogo. Yana silaha, ngao na vitu vya utawala wa Wahehe, na katikati ya yote hayo liko fuvu, ndani ya kioo. Nje kuna makaburi ya warithi wake, akiwemo Chifu Adam Sapi.

Ninasisitiza adabu hapa kwa sababu nyingi. Hili ni fuvu la binadamu mwenye ukoo unaoishi, si kitu cha maonyesho kama vingine, na kwa Wahehe kurudi kwake kulikuwa kumaliza msiba uliokaa zaidi ya nusu karne. Vaa nguo za heshima, vua kofia, zungumza kwa sauti ya chini, wala usijipige picha ukiwa umesimama kando yake hata kama hakuna anayekukataza. Wasalimie wenyeji, “kamwene” ya Kihehe hupokelewa kwa furaha, na kwa mzee shikamoo haikosei popote. Ukiwa na watoto, waeleze kabla ya kuingia watakachokiona na kwa nini kiko pale, kwani mtoto asiyeandaliwa huogopa au hucheka, na yote mawili humfedhehesha mzazi mbele ya wenyeji.

Kwa kuwa fuvu lilichaguliwa kwa vipimo tu, swali la kama kweli ni la Mkwawa limeulizwa na wasomi mara nyingi. Unaweza kuliuliza nawe, kwa utaratibu, na usikilize jibu mpaka mwisho. Baada ya hapo omba uonyeshwe mabaki ya ngome. Ukuta mwingi umetoweka, lakini ukisimama pale ukitazama mto na vilima vinavyozunguka utaelewa kwa nini Mkwawa alipachagua, na pia jinsi mizinga iliyowekwa mahali pa juu ilivyoweza kuushinda ukuta uliojengwa kwa ajili ya vita vya mikuki na bunduki.

Mlambalasi na Lugalo

Mlambalasi iko mbali zaidi, takriban kilomita 50 kutoka Iringa kwa barabara hiyohiyo ya Ruaha. Kuna kaburi la Mkwawa na pango la mwamba ambamo watafiti wamefukua mifupa na zana za watu wa Enzi ya Mawe, walioishi pale maelfu ya miaka kabla ya utawala wowote unaojulikana kwa jina. Kodi gari, ikiwezekana lililoinuka, na uanze asubuhi ili Kalenga na Mlambalasi ziingie katika siku moja. Beba maji na chakula, kwa sababu huko hakuna hoteli.

Lugalo iko upande wa pili, kwenye barabara kuu ya kuelekea Dar es Salaam, takriban kilomita 20 kutoka mjini. Kuna mnara wa kumbukumbu, na kwa mgeni mwenye gari lake inatosha kusimama hapo kwa muda mfupi wakati wa kuja au kuondoka. Anayetumia basi asijisumbue.

Isimila

Isimila iko takriban kilomita 20 kutoka mjini, kwa barabara ya Mbeya, na wanaosafiri kwa basi dogo hushuka barabarani na kutembea kiasi kuingia ndani. Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akipita alitambua zana za mawe katika korongo hilo, na mwaka 1957 na 1958 uchimbaji mkubwa ulifanywa na wanaakiolojia chini ya Clark Howell. Mashoka ya mkono yaliyopatikana yamekadiriwa kuwa na umri wa takriban miaka 260,000, na pamoja nayo yalipatikana masalia ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka. Zana nyingi bado zimelala pale zilipofichuliwa na maji. Usiokote hata moja. Zinalindwa na sheria ya mambo ya kale, na zana iliyoondolewa mahali pake hupoteza karibu maana yake yote kwa mtafiti.

Mbali kidogo ziko nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, ndefu kuliko nyumba. Tembea na mwongozaji, vaa viatu vyenye soli inayoshika, na uende asubuhi au alasiri, kwa sababu jua la adhuhuri ndani ya korongo ni kali na halina kivuli.

Kwa mwalimu anayeleta wanafunzi

Barua ya shule itangulie wiki kadhaa, ikitaja idadi ya wanafunzi, darasa lao, na mada ya somo inayohusika. Kundi kubwa ligawanywe, nusu ikiwa ndani ya Boma na nusu nyingine ikizunguka mjini kutazama majengo ya zamani na Soko Kuu, kisha wabadilishane. Wape wanafunzi maswali machache ya kutafuta majibu, yasiyozidi manne. Karatasi yenye maswali ishirini huwafanya wanakili vibao bila kutazama vitu. Kwa darasa la sekondari, zoezi bora ninalolijua ni kuwapa tarehe za Lugalo, Kalenga na Mlambalasi na kuwataka waeleze, kwa ushahidi wa vitu walivyoviona, kwa nini vita ilichukua miaka saba.

Baada ya ziara

Andika kumbukumbu zako jioni hiyohiyo, kabla majina hayajachanganyika. Ukinunua vikapu, nunua kwa wasukaji au katika maduka yanayojulikana kuwalipa mafundi vizuri, kama Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 2003 ambacho huajiri watu wenye ulemavu.

Na ikiwa familia yako ina asili ya Nyanda za Juu Kusini na mna picha, barua au chombo cha zamani, zungumza na watumishi wa Boma kabla ya kuondoka. Si lazima kitu kitolewe. Mara nyingi nakala ya picha inatosha. Kinachohitajika ni maelezo yanayoambatana nayo: waliomo ni nani, ilipigwa wapi na mwaka gani kwa makadirio, na nani aliyesimulia habari hizo. Mwombe mzee wa familia akutajie majina huku ukiyaandika kwa penseli nyuma ya picha, au kwenye karatasi tofauti kama picha ni laini, na ufanye hivyo kabla ya kupeleka nakala.